Kulungu aliyekoswa kwa yadi 140: uchambuzi wa umbali wa ziro

Kulungu anayezungumziwa hapa ni mkia-mweupe wa Amerika ya Kaskazini, jamaa ya yule ambaye Biblia ya Kiswahili humwita ayala. Si pongo wa misitu ya Usambara. Huyu huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, na msimu wake wa bunduki jimboni Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving. Kisa chenyewe ni cha asubuhi ya siku hiyo ya kwanza, na ni cha aina inayojirudia sana. Ziro ni umbali ambao risasi hugonga palepale unapoelekeza msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ya bunduki.

Mwindaji ameketi kwenye kiti cha juu ya mti, pembeni mwa msitu wa mialoni. Mbele yake upande wa kushoto kuna mkuza wa njia ya umeme, uwazi mrefu uliofyekwa chini ya nyaya. Dume anatoka msituni, anasimama ubavu wazi. Kipima umbali cha leza kinasoma yadi 140, sawa na mita 128. Mwindaji anakumbuka alichoambiwa, kwamba kwa mbali panda kidogo, basi anaweka msalaba wa darubini juu kabisa, kwenye mstari wa mgongo. Anafyatua. Dume anaruka, anaingia msituni. Hakuna damu, hakuna nywele, na nyuma ya pale aliposimama kuna tundu kwenye kingo za udongo.

Bunduki ni ya bolti, kaliba .308 Winchester. Darubini ni ya 3-9x40, yaani inakuza mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ni ya milimita 40, na katikati ya lenzi yake iko inchi 1.5 juu ya katikati ya mtutu. Risasi ni za greni 150 (gramu 9.7) zenye ncha laini, zinazotoka mtutuni kwa futi 2,820 kwa sekunde, yaani mita 860 hivi. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Ni vifaa ambavyo vimeangusha kulungu wengi kuliko vingine vingi vya bei ghali, na umbali wa yadi 140 kwa .308 ni mfupi. Kwa hiyo hatutafuti kosa kwenye bunduki.

Kosa tunalitafuta kwenye uwanja wa shabaha, miezi miwili kabla. Fundi alikuwa ameifunga darubini na kuilinganisha na mtutu kwa macho, bila kupiga risasi. Mwindaji akaenda kupiga karatasi kwa yadi 25, kwa kuwa amesikia kwamba ziro ya yadi 25 ni sawa na ziro ya yadi 200 na ushei. Matundu matatu yakakaa pamoja, inchi 5/8 juu ya alama. Akasoma juu ya nobu, kitufe cha kuzungusha cha kurekebishia darubini: kliki moja, yaani mlio mmoja wa nobu ikigeuzwa, ni robo inchi. Akageuza kliki 2 kushuka, akapiga moja zaidi, akaona imegusana na yale matatu, akafunga virago.

Hapo ndipo kulungu alipopona. Robo inchi iliyoandikwa juu ya nobu ni robo inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25, ambayo ni robo ya umbali huo, kliki moja inahamisha risasi 1/16 ya inchi tu. Kliki 2 zilishusha risasi 1/8 ya inchi, na ili kushuka 5/8 zilihitajika kliki 10. Tundu la risasi ya .308 lina upana wa karibu theluthi moja ya inchi, kwa hiyo badiliko la 1/8 lilizama ndani ya tundu lililokuwapo tayari na jicho halikuweza kuliona. Bunduki ikarudi nyumbani ikipiga nusu inchi juu kwa yadi 25.

Nusu inchi inaonekana ndogo. Lakini kosa la pembe hukua pamoja na umbali: nusu inchi kwa 25 ni inchi 2 kwa 100, na inchi 2.8 kwa 140. Hiyo inaongezeka kwenye kile ambacho ziro ya yadi 25 yenyewe inaleta hata ikiwekwa bila kasoro. Risasi huanza safari ikiwa chini ya mstari wa macho, kwa sababu mtutu uko chini ya darubini. Mtutu umeinuliwa kidogo, hivyo risasi inapanda, inaukata mstari wa macho mara ya kwanza karibu, inakwenda juu yake, kisha inashuka na kuukata mara ya pili mbali. Kwa risasi hii mkato wa kwanza ukiwa yadi 25, wa pili uko karibu yadi 225. Aliyemwambia habari ya yadi 25 hakumdanganya. Alichoacha kumwambia ni kilichoko katikati: kwa yadi 140 risasi iko inchi 2.9 juu ya mstari wa macho.

Jumlisha 2.9 na 2.8, unapata inchi 5.7. Msalaba ulikuwa kwenye mstari wa mgongo. Risasi ikapita karibu inchi 6 juu ya mgongo wa dume na kuingia kwenye udongo.

Sasa geuza hesabu. Je, angelenga katikati ya kifua kama inavyofundishwa? Kifua cha dume mkubwa kutoka mgongoni hadi chini ni kama inchi 16. Katikati ni inchi 8 chini ya mgongo. Risasi ikipanda inchi 5.7 inaingia inchi 2.3 tu chini ya mstari wa mgongo, mahali penye nyama na ncha za mifupa ya uti, juu ya mapafu. Kulungu aliyepigwa hapo mara nyingi huanguka papo hapo kama aliyekatwa kamba, halafu baada ya sekunde kadhaa anainuka na kwenda zake na jeraha. Ushauri mbaya wa kupanda kidogo ulimwokoa mnyama asijeruhiwe. Haupati sifa kwa hilo, lakini ndivyo hesabu inavyosema.

Na kwa nini angeweza kuwinda na bunduki hiyo hiyo asigundue lolote? Kwa yadi 60, umbali wa kawaida ndani ya msitu, kosa lote linafika inchi 2.8. Eneo la moyo na mapafu tunalihesabu kama duara la inchi 8, nusu kipenyo inchi 4. Risasi bado ingepita kwenye mapafu, kulungu angeanguka baada ya hatua hamsini, na mwenye bunduki angeapa kwamba ziro yake ni safi. Msitu husamehe ziro mbovu, ila mkuza wa umeme hausamehe.

Hatua ya kwanza baada ya kukosa namna hii ni kutogusa nobu hata moja. Wengi huanza kuzungusha palepale kwenye kiti, na ushahidi wote unapotea. Mwindaji wetu alipeleka bunduki ikiwa vilevile, na risasi za boksi lilelile, kwenye uwanja wenye yadi 100. Pennsylvania Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo hilo, ina viwanja vya umma vya namna hiyo kwenye ardhi zake za uwindaji. Matundu matatu yakakaa inchi 4.7 juu ya alama. Hesabu inakubali: ziro safi ya yadi 25 ingeweka inchi 2.7 juu, na kosa lililobaki likaongeza 2. Karatasi isingekubaliana na hesabu, tungeanza kushuku skurubu zilizolegea au darubini iliyogongwa. Ilipokubali, kilichobaki ni kuchagua ziro.

Watu hubishana kuhusu ziro kama wanavyobishana kuhusu mpira, kila mmoja na timu yake: yadi 100, yadi 200, au inchi 3 juu kwa yadi 100. Lakini swali la kwanza haliko kwenye bunduki, liko kwenye kiti: je, ukiwa pale juu, mbali kabisa unapoweza kupiga kwa haki ni wapi? Kwa leza, vijia vya msituni viko yadi 40, 55 na 70. Upande wa mkuza, ukingo wa mbali ni yadi 180, na zaidi ya hapo ardhi inashuka nyuma ya kilima, huoni risasi itatua wapi, kwa hiyo hupigi. Basi kila kitu kiko ndani ya 180. Anayechagua ziro ya kumfikisha yadi 270 mahali hapa analipa gharama ya kitu asichokitumia.

Gharama hiyo hii hapa kwa inchi, kwa bunduki na risasi hizi, juu au chini ya pale unapolenga:

Ziro ya yadi 100: kwa 50, chini 0.1, kwa 150, chini 1.2, kwa 180, chini 2.7, kwa 200, chini 4.0; kwa 250, chini 8.4.

Inchi 1 juu kwa yadi 100 (ziro inaangukia karibu yadi 158): kwa 50, juu 0.4, kwa 150, juu 0.3, kwa 180, chini 0.9, kwa 200, chini 2.0, kwa 250, chini 5.9.

Ziro ya yadi 200: kwa 50, juu 0.9, kwa 100, juu 2.0, kwa 150, juu 1.8, kwa 180, juu 0.9, kwa 250, chini 3.5.

Ziro ya yadi 25 isiyo na kasoro: kwa 50, juu 1.2, kwa 100, juu 2.7, kwa 150, juu 2.8, kwa 200, juu 1.4, kwa 250, chini 1.7.

Kwa karatasi peke yake, ziro ya 200 inavutia. Haipiti inchi 2 na ushei juu popote, na inakufikisha yadi 230 kabla ya kushuka inchi 2. Tatizo ni kwamba inchi hizo 2 za juu ziko kati ya yadi 100 na 150, mle mle ambamo dume wa mkuza husimama. Nazo hazisimami peke yake. Bunduki ya kawaida inatawanya matundu inchi 1.5 kwa yadi 100 ikiwa juu ya mifuko ya mchanga. Mwindaji huyohuyo akiwa juu ya mti, na koti zito, mapigo ya moyo yakimpanda, akiegemeza mtutu kwenye reli ya kiti, mtawanyiko wake unakaribia inchi 3 au 4. Chukua nusu ya 4, ni 2, ongeza zile 2 za juu: umefika ukingoni mwa duara la inchi 8 kabla hujahesabu kosa la kulenga. Na kosa la kulenga la watu wengi linaelekea juu, maana jicho hufuata mstari wa mgongo ulio wazi kuliko mstari wa tumbo uliofichwa na majani.

Ziro ya 100 ina heshima yake. Ni rahisi kuithibitisha, na ndani ya msitu inapiga unapolenga bila mawazo. Ila kwa 180 inashuka inchi 2.7, na mtu aliyekwisha kuambiwa panda kidogo ataanza tena kupanda. Ndiyo maana hapa uamuzi ulikuwa inchi 1 juu kwa yadi 100. Toka yadi 25 hadi 180 risasi haiondoki hata inchi 1 na ushei kutoka pale msalaba ulipo. Unalenga theluthi ya chini ya kifua, nyuma kidogo ya bega, kwa umbali wowote ule, na huhitaji kukumbuka chochote. Kwa mahali hapa hatuoni hoja nzito ya kupinga.

Mahali pengine hesabu ingegeuka. Kwenye nyanda wazi za Wyoming, dume akisimama yadi 250 na hakuna namna ya kumsogelea, ziro ya 200 inastahili gharama yake. Kwa bunduki ya .30-30 yenye risasi ya greni 170, ambayo bado ina wapenzi wengi katika misitu ya mashariki, ziro ya 100 inamaanisha kushuka zaidi kidogo ya inchi 8 kwa 200, na hakuna ziro itakayoifanya iwe .308. Pale unakubali tu kwamba mwisho wako ni yadi 150 hivi.

Kazi ya uwanjani ilikwenda hivi. Kwanza skurubu: zile za pete za darubini zilikazwa kwa bisibisi ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi kiko kati ya inchi-pauni 15 na 20. Zilizolegea huhamisha ziro, zilizokazwa kupita kiasi huminya bomba la darubini. Mifuko ya mchanga iliwekwa chini ya sehemu ya mbele ya kitako, na mmoja mdogo nyuma. Usiuegemeze mtutu wenyewe juu ya mfuko, wala juu ya kitu kigumu kama mbao: bunduki itaruka kwa namna tofauti na matundu yatapanda. Ukuzaji wa darubini uliwekwa 9.

Kutoka inchi 4.7 hadi inchi 1 ni kushuka 3.7, na kwa robo inchi kwa kliki ni kliki 15. Risasi 3 zilizofuata zilikaa inchi 1.25 juu. Kliki 1 chini. Mtutu ukaachwa upoe dakika kumi na bolti ikiwa wazi, kwa kuwa mtutu mwembamba wa kuwindia ukipata moto huanza kutawanya na utajikuta unafukuza matundu kwa nobu. Kisha risasi 5, taratibu: katikati yake inchi 1 juu, mtawanyiko 1.75. Tunasisitiza kusoma katikati ya matundu yote. Tundu lililo karibu zaidi na alama halikuambii kitu, na kurekebisha baada ya kila risasi moja ni njia ya uhakika ya kumaliza boksi bila kufika popote.

Baada ya hapo yadi 180, na hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Majedwali yote, pamoja na namba tulizoandika hapo juu, ni hesabu ya risasi inayotoka kwa kasi iliyochapishwa kwenye boksi. Bunduki yako inaweza kutoa futi 50 au 80 pungufu. Karatasi ya umbali wa mwisho ndiyo inayokuambia ukweli. Matundu 3 yalikaa inchi 1 chini ya alama, yametawanyika inchi 3. Hapo ziro imethibitishwa, wala haijakisiwa.

Kwa anayeanza na darubini mpya, yadi 25 bado ina kazi yake: kuhakikisha risasi inagusa karatasi. Piga 3, rekebisha ukikumbuka kuzidisha kliki kwa 4, na kwa mpango huu wa inchi 1 juu kwa 100 risasi inatakiwa iwe karibu inchi 0.4 chini ya alama, si juu yake. Halafu nenda 100. Boksi moja la risasi 20 linatosha likitumiwa kwa nidhamu: 4 kwa yadi 25, 11 kwa 100, 3 kwa mwisho, 2 za akiba. Nunua mawili yenye namba moja ya toleo, la pili liwe la kuwindia. Kuweka ziro kwa risasi za bei nafuu kisha kuwinda kwa nyingine ni kuanza upya, hata uzito ukilingana. Na risasi za koti zima la chuma, ambazo ndizo za bei nafuu, haziruhusiwi kwa kulungu Pennsylvania. Lazima risasi iwe ya kutanuka inapogonga.

Mambo mawili watu huyapa uzito kuliko yanavyostahili. Urefu wa kiti ni moja: futi 20 juu ya ardhi hazibadilishi mahali risasi inapogonga kwa umbali huu kiasi cha kuonekana, zinabadilisha tu njia yake ndani ya mwili, kwa hiyo fikiria itatokea wapi upande wa pili. Baridi ni la pili. Ziro ya joto la Septemba ikitumika kwenye barafu ya Desemba haitelezi hata inchi 1 kwa 180. Upepo, ambao hakuna anayeutaja, ndio unaosukuma: maili 10 kwa saa kutoka ubavuni huhamisha risasi hii inchi 1 kwa yadi 100, na karibu inchi 3.5 kwa 180. Tofauti kati ya ziro ya 200 na ile tuliyochagua, kwa umbali huo huo, ni inchi 1.8. Na mkuza wa umeme, kwa jinsi ulivyo mrefu na wazi, ni mlango wa upepo.

Lililobaki ni risasi moja ya baridi. Wiki ya kurudi msituni, bunduki ikiwa imelala nje ya joto la nyumba, piga risasi moja tu kwa yadi 100 na mtutu ambao haujapigwa siku hiyo. Hiyo ndiyo risasi atakayopigwa nayo kulungu. Hakuna kulungu anayesubiri uupashe mtutu moto kwa risasi tatu. Ikikaa ndani ya inchi moja na nusu kutoka pale inapotakiwa, iandike tarehe na namba ya toleo la risasi kwenye kipande cha plasta ndani ya kifuniko cha darubini. Ikitoka nje ya hapo, rudia nyingine baada ya mtutu kupoa. Zikikubaliana mbili hizo katika kukosea, kagua skurubu za pete na za kitako kwanza, na nobu iwe ya mwisho.